Nishani ya Bibi wa Gede

Mume wangu alipofariki, katikati ya miaka ya themanini, aliniachia vitu viwili vya kunifunga: eda, na kopo la biskuti lililojaa nishani za vita za Wajerumani.

Eda niliijua. Niliikalia nyumbani kwa wakwe zangu, Shella ya Malindi, nimevaa nyeupe, kioo kimefunikwa, dirisha la njiani limefungwa. Sikutoka hata barazani. Kutwa niliwasikia watalii wakipita na Kijerumani chao, wakicheka, nami nawaonea kijicho. Si kwa mali yao, kwa kule kupita tu. Nyumba ile ilikuwa kubwa, lakini niliona kama inapungua kila kukicha.

Kopo ndilo lililoninyima usingizi. Mume wangu alikuwa fundi wa redio, na nishani zilikuwa wazimu wake. Alizitafuta Tanga na Mombasa, kwa wazee na kwa wachuuzi wa vyuma chakavu, kisha akaketi nazo na kioo cha kukuzia na kitabu cha Kijerumani ambacho alisoma picha tu. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu: msalaba wa chuma wa kweli huinasa, wa bandia huteleza. Nilimcheka sana, mtu mzima kuchezea mapambo ya maiti. Siku moja karibu na mwisho wake aliniambia, kama aelezaye habari za sokoni, kwamba nishani moja humo si yake. Ni ya bibi mmoja wa Gede, kampa amtambulie. Babake bibi huyo alikuwa askari wa Mjerumani kule Tanganyika. "Nikumbushe nimrudishie," alisema. Hakusema ni ipi, nami sikuuliza.

Amana haichezewi. Tangu chuoni, nikisoma Kurani, nilifunzwa kwamba isiporudi kwa mwenyewe, hubaki shingoni mwa marehemu. Na shemeji yangu, nduguye mume wangu, alikuwa keshapata mnunuzi wa kopo zima, mzee wa Kijerumani aliyeishi njia ya Watamu. Nilizungumza na shemeji nikiwa nyuma ya pazia.

"Shemeji, humo mna amana ya mtu."

"Ipi?"

"Sijaijua bado."

"Basi ijue. Mzungu aja Ijumaa baada ya sala. Utakayonitolea, siiuzi."

"Si uende Gede ukamuulize mwenyewe?"

"Nitamuulizia nani? Gede yote mabibi."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi mwenyewe singeweza kutoka. Nilibaki na kioo cha marehemu, sumaku yake na kitabu chake, nikamwaga kopo kwenye sinia.

Niliitenga misalaba kwanza, maana marehemu alikuwa akisema askari weusi hawakuwa wakipewa hiyo ovyo. Nikatenga na zile za shaba. Nikifungua ukurasa, nikilinganisha picha, nikirudia, hadi zikanibakia tatu za fedha, za namna moja: mfalme amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Hizo, kwa maneno ya marehemu, ndizo walizopewa askari wetu. Mbili zilikuwa za kijivu. Ya tatu ilikuwa nyeusi tititi.

Ijumaa asubuhi niliinusa ile nyeusi. Ilinuka moshi wa kuni. Weusi wake ulikuwa masizi, si kutu, na nishani ya dukani hainuki jiko la mtu. Nilifurahi hadi nikaona haya, kwani mjane hafurahi. Niliirudisha kwenye sinia pamoja na wenzake, adhana ikalia, nikaenda kutawadha na kusali.

Niliporudi, sinia halipo. Nilimkuta mavyaa wangu, mamake mume wangu, ameketi uani na ndimu na majivu, kama tusuguavyo masinia Idd ikikaribia. Alikuwa amezimaliza zote, zimemeta.

"Nimekusaidia, mwanangu," alisema. "Mgeni atapewaje vitu vichafu?"

Wema hauozi, wasema. Niliketi chini nikazishika zile tatu, nikazinusa. Zilinuka ndimu. Katika moja niliona jicho langu mwenyewe, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mjerumani alikuja. Nyuma ya pazia nilisikia kopo likifunguliwa.

"Nani amesugua?" aliuliza kwa Kiswahili chake. "Sitaki. Ukale wake wote umetoka."

Alipokwenda zake, shemeji alilisukuma kopo kwa mguu chini ya pazia. "Haya, shemeji. Amana yako hiyo, na nyinginezo juu yake."

Eda ilipokwisha nilikwenda Gede. Mavyaa alinifuata. Tuliulizia madukani hadi tukaelekezwa kwa bibi mwenyewe, Mgiriama mzee sana, akimenya muhogo mlangoni pake. Nilimwamkia, nikamweleza yote bila kuficha, nikaziweka zile tatu juu ya leso mbele yake. Aliziinua moja moja hadi puani, akazirudisha.

"Ya baba ilikuwa nyeusi," alisema. "Aliifukiza mwenyewe, Mwingereza asiione iking'aa. Ilikaa juu ya meko mpaka akafa."

"Zichukue zote tatu, bibi. Yako imo."

"Na hizo mbili za nani? Koma za watu, mizimu ya wafu wao, siziingizi kwangu, mwanangu. Zitanisumbua."

Nilimwomba basi amsamehe mume wangu. Alifikiri, kisu mkononi.

"Yeye namsamehe, hakuwa mtu mbaya. Lakini hiyo ni ya baba. Kuisamehe si kazi yangu."

Tulirudi Malindi nazo. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kwenda popote, na sikwenda popote. Nilizitunga kwenye uzi, nikazitundika jikoni juu ya moto wa kuni, tukipika chini yake kutwa mara tatu, nikitumai ile moja itaukubali moshi kabla ya wenzake. Kila asubuhi nilikwenda kuzitazama. Idd ilipofika zilikuwa zimekuwa nyeusi zote tatu, sawasawa.