Doa kwenye Mkono wa Mama

Mjukuu wake alipozaliwa, Mama alikuja kutoka kijijini Manyatta hadi kwangu mjini, mtaa wa Dallas, akiwa na chupa ya uji, ndizi mbivu, na sweta ya mikono mirefu ambayo hakuivua hata jua lilipochoma. Nilimpa mtoto ampakate. Akarudi nyuma.

"Acha kwanza. Niko na homa."

Homa gani isiyo na hata chafya moja? Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimshika mkono nikaikunja sweta. Ndani ya kiwiko palikuwa na doa la mviringo, limepauka katikati, liking'aa mafuta ya kukamulia, yale ya mkebe tunayowapaka ng'ombe chuchu. Kwetu mkebe huo hutibu kila kitu, kuanzia visigino hadi midomo ya watoto wa shule.

Mama akashusha sauti. "Hii ni ukoma. Nyanya yangu alianza hivi hivi. Walimjengea kanyumba huko chini ya shamba, na sisi watoto tukakatazwa kumsalimia."

Nilijifanya nacheka. Kesho yake nikampeleka kliniki.

Daktari, kijana mpole aliyemwita Mama cucu, yaani nyanya, alilimulika doa na kulizungushia kidole. "Cucu, ona hii ukingo. Imeinuka, iko na magamba, na hapa katikati inaanza kupona. Inawasha?"

"Mpaka silali."

"Ukoma haiwashi. Hii ni choa. Kwani kuna ndama nyumbani ako na magamba kama haya karibu na macho?"

Mama akanitazama. Ndama alikuwepo. Kila asubuhi Mama alimkumbatia shingo akimnywesha maziwa, kisha akachota mafuta kwenye mkebe ule ule, akampaka yeye na kujipaka mwenyewe. Adui tulikuwa tukimpiga jeki wenyewe!

Tukapewa dawa ya kupaka, na onyo kwamba mtoto asubiri doa lipone kwanza, maana choa huambukiza. Ndama naye atibiwe. Nilishusha pumzi ndefu. Choa tu! Ningeweza kuimba pale pale. Lakini Mama alikuwa bado amekunja uso, na daktari akaona.

"Cucu, doa ya ukoma inakuwanga imekufa ganzi. Haisikii kitu. Sasa funga macho. Nikikugusa, sema 'hapa'."

Akachukua kipande cha pamba, akagusa ukingo.

"Hapa."

Akagusa katikati, pale palipopauka, kwa wepesi hata mimi sikuona pamba ikitua. Mama kimya.

"Hapa," akasema, na machozi yakapenya kope zilizofumbwa. "Hapa, hapa."

"Basi imeisha, cucu. Fungua macho."

Hakufungua. Aliusogeza mkono mbele zaidi, karibu na vidole vya daktari.

"Gusa tena," akasema.