Mbwa wa Meneja

Juzi pale Magomeni niliona mbwa mkubwa, mashavu yamelegea, amelala mbele ya duka, nikamkumbuka Meja.

Meja alikuwa mbwa wa meneja Mzungu wa shamba la mkonge kule Rudewa, ambaye baba alikuwa mpishi wake. Siku moja meneja alimkuta mama akiokota kuni shambani, akamwachilia mbwa amng'ate. Mama alichechemea mwezi mzima. Kisha meneja akaenda likizo kwao Ulaya, akamwacha Meja kwetu.

Niliokota jiwe nimpasue kichwa. Mama akaninyang'anya. Tangu hapo alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, akamkuna masikio, akamtoa kupe mmoja mmoja. Meja akawa analala mlangoni kwetu, akikoroma na kunuka mchuzi wa dagaa. Kwa akili yangu ya kitoto, nikaamini mama amesamehe.

Alasiri aliyorudi meneja, mashine ya katani ilikuwa ikinguruma na harufu ya mabaki ya mkonge imetanda kote. Alisimama uani kwetu na wageni wake, akapiga mluzi. Meja akajificha nyuma ya mama. Meneja aliponyoosha mkono kumshika, Meja akamtolea meno.

"Mwite tena, bwana," mama alisema kwa adabu. "Labda hajakusikia."

Akaita mpaka uso ukamwiva. Mgeni mmoja akacheka. Meneja akaondoka bila mbwa.

Baba akamgeukia mama. "Umemfanya nini mbwa wa watu?"

"Nimempenda," mama akajibu. "Kila siku, kwa makusudi."