Nilimwita mdogo wangu mchungaji "Kadogo" mbele ya wazee wake wa kanisa

Wakuu, habari za mchana. Kuna jambo limeninyima utulivu wiki ya tatu sasa, nimeona nilitue hapa. Sitaongeza chumvi, aibu iliyopo inatosha.

Mimi niko Gisenyi, nauza vitenge, navuka mpaka kwenda Goma karibu kila siku. Mdogo wangu ni mchungaji wa kanisa dogo kule Cyanzarwe. Bado kijana, wazee wake wa kanisa wengi ni rika la marehemu baba yetu. Nyumbani tunamwita Kadogo.

Harusi ya dada yetu, MC nilikuwa mimi. Padri wa upande wa bwana harusi nilimkaribisha kwa adabu zote. Ilipofika zamu ya mdogo wangu kuombea chakula, nikasema kwenye mic:

"Sasa Kadogo, kuya utuombee, njaa inatuuma."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikajiona fundi.

Meza ya pili walikaa wazee wake wa kanisa. Nao walicheka.

Aliomba, akaondoka bila kula.

Wiki iliyofuata mke wake akanipigia. "Shemeji, kule kanisani sasa ni Kadogo tu. Jana kwa kikao muzee moja alimuambia, Kadogo, nyamaza kwanza, wakubwa wanasema. Sasa hatujui kama watamubakisha kwa uchungaji."

Nikampigia mdogo wangu mwenyewe. Akaitika, "Ndiyo, Monsieur," kama anayemjibu bwana asiyemjua.

Wakuu, tangu ajue kuongea ameniita Grand, yaani kaka mkubwa. Iliniuma sana.

Nikawa sikaliki. Nafungua duka, nafunga. Nashika simu, naiweka. Nateremka ziwani, napanda tena.

Jumapili nikachukua pikipiki mpaka Cyanzarwe. Pale kanisani wageni husimama wakajitambulisha. Nilisubiri zamu yangu. Nikasimama.

"Mi niko kaka mukubwa ya Pasta wenu. Kwa harusi nilimuita jina ya nyumbani mbele yenu. Nilikosa. Pasta, unisamehe."

Mdogo wangu akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Grand, kuya ikala huku mbele." Nikaenda nikakaa karibu naye.

Nilichojifunza: padri wa watu nilimpa heshima yake, wa kwetu nikamnyima, kisa nilimbeba mgongoni.

Kikao cha wazee ni kesho. Sijui watamwitaje, na bado sijatulia.

Wenye ndugu watumishi, mbele za watu mnawaitaje?