Barua Yenye Tarehe Mbili

Karani wa masjala alichoka kuandika barua za wafanyakazi moja moja, mwaka nenda mwaka rudi. Akajifundisha mwenyewe kuandika skripti: unachapa amri moja tu kwenye kompyuta, barua zote zinajitengeneza kutoka kwenye orodha ya majina. Ilibaki kasoro moja, tarehe ilijirudia chini ya sahihi, naye kila siku alisema ataitengeneza kesho.

Bosi alimsifu mbele ya watu. "Dada, umetupunguzia kazi kweli kweli!"

Wiki iliyofuata karani alikuta bahasha mezani pake. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake, ikamwambia nafasi yake imefutwa. Akateremsha macho hadi chini. Tarehe zilikuwa mbili.

Mijitu ile! Hata kumfukuza, hakuna aliyejisumbua kumwandikia.