Siku Nilipomgusa Mtoto wa Kulungu

Harufu ya udongo mweusi uliojaa maji, ikichanganyika na mafuta ya taa ya jiko letu la kambi, hunirudisha kwenye wiki pekee niliyokaa na mama zangu wawili mahali pamoja. Ilikuwa Juni 1971, katika milima ya Uskoti, nikiwa na miaka minane. Mama alikuwa ametoka Kenya kuja Uingereza kusomea uuguzi, akaishi bweni la wauguzi Bordesley Green, ambako watoto hawakuruhusiwa. Basi tangu nina miaka miwili nililelewa na Bi Margaret na mumewe, Waingereza wa Sutton Coldfield. Mama alinitembelea Jumapili moja kila baada ya wiki mbili, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Bi Margaret ndiye niliyemwita Mami. Safari ile Mama aliomba likizo ili tuwe pamoja.

Siku ya tatu tulipanda mlima, nikatangulia. Kwenye magugu yaliyolowa nikamkuta mtoto wa kulungu amelala, madoa meupe mgongoni, hatikisiki. Nikamgusa. Alikuwa na joto, na moyo wake ulidunda chini ya kiganja changu. Ndipo mama yake akatokea mteremkoni akibweka kwa sauti nzito. Alikuja mbio, akasimama hatua chache kutoka kwangu, akapiga kwato chini.

“Mwache, rudi taratibu,” alisema Bi Margaret kwa mbali.

Mama alikuwa karibu zaidi. Alipiga magoti topeni, akafungua mikono. “Njoo kwangu, mwanangu.”

Sikuelewa hata neno moja. Kiswahili kilikuwa kimenitoka zamani. Nikampita mbio, bega langu likigusa mkono wake, nikajitupa kifuani kwa Bi Margaret. Nilipogeuka, kulungu alikuwa akimlamba mwanawe, na Mama bado amepiga magoti. Aliinuka, akajipangusa. “Nimechafua sketi,” alisema kwa Kiingereza, akacheka kidogo.

Septemba, alipohitimu, alinichukua tukaishi chumba cha kupanga mtaa wa Selly Oak. Nilikataa ugali wake. Nilimwambia usoni kwamba yeye si Mami. Hakunipiga, alinisogezea sahani, akaenda kazini. Bi Margaret aliandika barua mbili, kisha tukasikia amepata mtoto mwingine wa kulea.

Nilipofika miaka arobaini nilijifunza Kiswahili kwa akina mama wa Kenya kanisani, kwa aibu, kama mtoto wa chekechea. Sasa Mama amestaafu, nami humtembelea kila Jumamosi. Namuuliza habari za mguu wake unaomsumbua, namsimulia ya wiki nzima, yote kwa Kiswahili. Yeye hunijibu kwa Kiingereza. Mwaka jana nilimuuliza kwa nini.

“Nilikusemesha Kiswahili miaka mingi,” alisema, kwa Kiingereza kilekile, “mpaka nikazoea kutojibiwa.” Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.