Ukishindwa Kabisa, Niite

Mtaani hakuna aliyewaita kwa majina yao. Mkubwa aliitwa Rangi, mdogo akaitwa Uzi, na ukiuliza sababu ulionyeshwa ngazi ya chuma iliyopanda juu ya duka la viatu, uende ukajionee mwenyewe. Huko juu kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha pana na meza ndefu, ambamo dada hao wawili walitengeneza mikufu, hereni na bangili za shanga kwa miaka kumi na minne. Rangi alichagua, Uzi akatunga.

Wazo la kila mkufu mpya walilipata kwa namna yao. Kila mkufu ulipoisha, shanga zilizobaki, mbili au tano au kumi, zilitupwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Asubuhi ya kuanza kazi mpya Rangi alilimwaga kopo lote kwenye sinia, akalitikisa mara moja, kisha wote wakainama kutazama. Pengine ushanga mmoja wa kijani ulikuwa umejibanza kati ya mfupa na shaba. "Hapo!" Rangi alikuwa akisema. "Usiguse." Kazi ya kichwa ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni jasho la Uzi.

Basi Rangi huyo huyo, aliyeapa mbele ya watu kwamba mume ni mzigo wa kujitwika, akampenda dereva wa lori akiwa na miaka arobaini na sita. Alijaribu kuficha, lakini mapenzi ni kikohozi. Dereva alikuwa na nyumba nchi ya tatu kutoka hapo, na ndani ya nyumba mama mgonjwa. Siku ya kuondoka Rangi alimshika mdogo wake mabega pale juu ya ngazi.

"Utaweza, mdogo wangu," alisema. "Lakini ukishindwa kabisa, niite. Nitarudi. Nimeshamwambia shemeji yako, naye kakubali."

Alidhani anamwachia dawa. Uzi aliyashika maneno hayo kuliko alivyowahi kushika kitu chochote maishani.

Wiki ile ile akafanya kosa. Ili asilie, alijitafutia kazi ya mikono: alilimwaga kopo la mabaki, akaanza kuchambua. Nyekundu chupa hii, bluu ile, kahawia huku, mifupa kule. Siku tatu, chupa thelathini na mbili, zote zimepangwa kwenye rafu. Jirani yake, fundi cherehani, alipanda kuazima mkasi, akatazama, akapiga mluzi. "Sasa pamekuwa mahali pa kazi," alisema, "si jalala." Uzi akafurahi, maskini, wala hakujua amefanya nini.

Alijua mwezi uliofuata, alipokaa kuanza mkufu mpya. Alichota kijiko kutoka kila chupa, akamwaga kwenye sinia, akatikisa, akainama. Hakuona kitu. Zilikuwa rangi nyingi tu zilizokutanishwa kwa nguvu. Mabaki ya zamani yalijichanganya yenyewe kwa miaka kumi na minne: mengi ya walichokipenda, machache ya walichokichoka, na mengine ya aina ambazo hazikuuzwa tena popote. Huwezi kuukoroga mchanganyiko huo asubuhi moja kwa kijiko.

Akahangaika. Alinunua daftari akaandika kila kilichompendeza macho: rangi ya mlango wa kinyozi, ganda la kitunguu chekundu, kutu ya ngazi yake mwenyewe. Alizunguka masoko. Alitazama kazi za mafundi wengine kwenye simu mpaka akaanza kuwachukia watu asiowajua. Daftari lilijaa, meza ikabaki tupu, naye akawa anarudia mikufu ya zamani. Miezi minane ikapita hivyo.

Mwishowe mama wa duka la mapambo, aliyewauzia kazi zao tangu mwanzo, akamwita kando.

"Mwanangu, wateja wangu wana macho. Mkufu huu niliuuza mwaka juzi, na huu pia. Niletee kitu kipya mwisho wa mwezi, la sivyo rafu ya dirishani nampa mwingine. Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia, mama," Uzi alisema.

Na hapa lazima nimseme Uzi, ingawa nampenda. Alitoka dukani akiwa na uso wa msiba, lakini moyoni kitu kilikuwa kimechangamka. Rafu ikienda, huko ndiko kushindwa kabisa. Angepiga simu, Rangi angerudi, na kiti cha upande wa pili wa meza kingepata mtu. Hamu ya dada yake ilikuwa imemzidi nguvu hadi akaitamani hasara. Alitamani hata yale yaliyokuwa yakimuudhi: Rangi kukata uzi kwa meno na mkasi uko mbele yake, Rangi kuimba ovyo, Rangi kunywa chai isiyo yake na kubisha kwamba ni yake. Mara mbili aliishika simu, akairudisha mezani. Alijiambia asubiri mwisho wa mwezi, ili kushindwa kwenyewe kuwe kwa haki.

Zilipobaki siku tisa, mwalimu mmoja mstaafu alipanda ngazi akihema, bahasha mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lo, ngazi hii yenu! Mkufu wangu ulikatika nikishuka kwenye basi, mwanangu. Nimeokota nilizoziona, hata kondakta alipiga magoti. Nyingine zimekwenda na dunia."

"Nitakutafutia za kufanana."

"Tafuta. Lakini usinitilie za uongo, nitazijua."

Zilikuwa shanga za udongo za bluu, kazi ya mfinyanzi aliyekwisha kuacha ufundi siku nyingi, na Uzi alijua wazi kwamba hazipatikani. Alizihesabu, zikapungua kumi na moja. Akaanza kutunga zilizopo kwenye uzi mweusi uliopakwa nta, na kila palipokosa ushanga akafunga fundo dogo, asije akasahau zilikuwa wapi na ngapi. Pengine fundo moja, pengine matatu yaliyofuatana. Ilikuwa alama ya kazi tu. Akauning'iniza kwenye msumari wa dirishani, akashuka kununua maziwa.

Aliporudi alisimama mlangoni. Bluu, bluu, kisha uzi mtupu uliofungwa vizuri, kisha bluu tena. Macho yalikwenda, yakapumzika, yakaendelea. Hakuhitaji mtu wa kumwambia asiguse. Alijua mwili mzima kwamba kitu kipya ndicho hicho, na papo hapo alijua pia kwamba simu ile ya kumwita dada yake hataipiga tena. Angeweza kuufumua. Nani angejua? Alivuta kiti, akachukua mkasi, akakaa nao mkononi kwa muda mrefu, akisikia cherehani ya jirani ikienda na kusimama. Kisha akauweka chini.

Mwalimu alipokuja aliuvaa mkufu, akajitazama kwenye kioo.

"Umeziachia nafasi zao," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mwalimu. Za uongo ungezijua."

Mwalimu akacheka, akashuka ngazi polepole, mkono mmoja shingoni.

Kwa siku zilizobaki Uzi alitengeneza mikufu mitano mingine ya nafasi na mafundo, mmoja wa shaba, mmoja wa mfupa, mingine ya rangi alizozitoa kwenye daftari. Mama wa duka aliipanga mezani, akaitazama, akaenda mwenyewe kuiondoa mikufu ya zamani dirishani. Uzi akapiga picha, akamtumia dada yake. Hazikupita dakika tano, simu ikalia.

"Uzi! Nani kafanya hii?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, dada."

Kule ng'ambo mama mkwe alikohoa, sahani ikagongana na sahani.

"Mimi nisingeiona hii, mdogo wangu," Rangi alisema. "Ningejaza kila mahali. Hebu sikiliza. Begi langu liko nyuma ya mlango tangu nilipofika huku. Sijalifungua sawasawa. Natoa nguo mbili, nafua, narudisha. Simu yako ikilia tu nasema, ndiyo hii, ananiita. Shemeji yako haulizi, kila asubuhi analiruka tu akienda kwenye lori lake. Sasa niambie ukweli. Nilifungue?"

Uzi alikitazama kiti cha upande wa pili. Neno lililokuwa kooni lilikuwa "rudi", na alilijua, na alilitaka.

"Lifungue, dada," alisema. "Nguo zitaota ukungu."

Wakacheka wote wawili, na kila mmoja akajua mwenzake analia. Rangi hakukata simu. Uzi aliisikia zipu ya begi ikifunguliwa, taratibu, mpaka mwisho.