Yai la Mtetea

Rafiki yangu mrina asali wa Busunzu aliniletea Kasulu ndoo tatu zenye vifuniko vilivyotobolewa, kila moja na nyoka wake, akasema nichague mmoja. Katika ya kwanza alikuwa chatu mchanga, mzuri ajabu, lakini chatu hukua, na bila kibali cha watu wa wanyamapori ni kesi. Katika ya pili, nyoka wa kahawia anayekula panya. Mke wangu alishaapa kwamba panya hafugwi nyumbani kwake. Nikamchukua wa tatu, mla-mayai, mwembamba, asiye na sumu wala meno ya kung'ata. Nilijiona mjanja kweli.

Fundi seremala nilimdanganya kwamba nataka kasha la vifaranga. Nikaweka wavu, mchanga, tawi la kupanda na bakuli la maji, kisha nikalificha stoo nyuma ya magunia ya maharage. Hilo lilikuwa sharti la mke wangu: mama yake asijue kamwe.

"Akijua, ananirudisha kwetu," alisema, na hakuwa anatania.

Wakati wa mvua nilimlisha mayai madogo ya ndege mnana. Kiangazi kikaja, viota vikabaki vitupu. Mayai ya dukani yalikuwa makubwa mno. Alipanua taya, akahangaika, akakata tamaa. Uti wa mgongo ukaanza kuonekana. Daktari wa mifugo alicheka.

"Mimi ni wa ng'ombe na mbuzi, ndugu yangu."

Nilikuwa nikikaa mbele ya kasha, mikono mitupu. Mbuzi akiumwa hulia. Huyu alinitazama tu, nami niliumia sana.

Tumaini letu likawa mtetea wa mke wangu, kuku pekee aliyesalimika na ugonjwa wa kideri. Alikuwa karibu kutaga, na yai la kwanza huwa dogo. Mke wangu, aliyezoea kumwita nyoka "mdudu wako", akaanza kumwongezea mtetea mahindi kwa siri. Nilimwona.

Ndipo mama mkwe akashuka kwenye basi la Kibondo bila taarifa. Mkwe halishwi maharage. Ningemwambia nini, kwamba kuku ana miadi na nyoka? Nilimkamata mtetea mwenyewe, nikashika mbawa akichinjwa.

Jikoni nikasikia mama akishangilia. Tumboni mwa mtetea mlikuwa na yai, dogo, gamba limeshakamilika.

"Lete nilihifadhi," mke wangu alisema haraka.

"La nini? Lichemshe, mpe mume wako."

Likaja juu ya ugali wangu, limemenywa, jeupe. Mama alikaa mkekani akinitazama kwa upendo mtupu. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa wa stoo.

"Kula, baba."

Mke wangu aliinamisha kichwa. Nikalitia mdomoni zima, na lilikuwa dogo kiasi kwamba halikunikwama popote.